Bei ya mgeni: kupatana na dereva wa taksi Dar es Salaam kama somo la lugha

Mwanafunzi wa Kongo anayefika Dar es Salaam hujiona amemshinda mgeni wa Ulaya kwa jambo moja: anajua Kiswahili. Ni kweli anakijua. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba yetu ya 2006, na wengi wetu tulikizoea nyumbani, Lubumbashi, Bukavu au Goma, kabla ya kukisoma darasani. Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tunasikia kila siku kwamba lugha hii itatufungulia milango. Huenda. Lakini mlango wa kwanza ambao msafiri anaukuta ni mlango wa taksi, na hapo kujua lugha hakutoshi.

Katika somo hili tutachunguza mazungumzo mafupi kati ya abiria mgeni na dereva. Tutajaribu kuonyesha kwamba bei ya mgeni haitokani na tamaa ya dereva peke yake. Mara nyingi inatokana na mpangilio wa maneno yetu wenyewe: tulichosema kwanza, tulichokiacha, na tulichokikubali bila kujua kwamba tumekubali. Tutaanza na tukio moja, kisha tutalichambua.

1. Tukio

Niliteremka basi katika Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa tano za usiku. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, nikavuka Zambia na kuingia Tanzania kwa Tunduma. Miguu ilikuwa imevimba. Mwenyeji wangu, mwanafunzi wa Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa amenipa namba yake na maelekezo ya kufika kwake. Hakunipa bei ya taksi, na mimi sikuuliza. Nje ya lango mazungumzo yalikwenda hivi:

Dereva: Karibu, bosi. Wapi?
Mimi: Jambo, yaya. Niko naenda ku chuo kikuu, Mlimani.
Dereva (anacheka, anachukua sanduku langu): Panda, bosi, tutaelewana.
Mimi (nimeshaketi): Iko bei gani?
Dereva: Hamsini tu.
Mimi: Aa, ni mingi sana! Fanya quarante-cinq. Arobaini na tano.
Dereva: Haya, twende.

Nilifika nimefurahi. Nilikuwa nimepunguziwa elfu tano, tena kwa Kiswahili. Mwenyeji wangu aliponiuliza nimelipa ngapi, nikamwambia. Akashika kichwa: "Umepigwa!" Nikamjibu kwamba hapana, dereva hakunipiga, tulisikilizana vizuri kabisa. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Ndipo nilipojifunza kwamba katika Kiswahili cha mjini Dar es Salaam "kupigwa" ni kutozwa kupita kiasi au kulaghaiwa. Kwa maelezo yake, elfu ishirini zingetosha, au ishirini na tano kwa sababu ya usiku.

Hasira ilikuja baadaye, nikiwa kitandani. Fedha zile zilikuwa chakula changu cha siku kadhaa. Kwa majuma matatu yaliyofuata nikawa na daftari: kila nilipopanda taksi, bajaji au bodaboda, au nilipomsikiliza mtu mwingine akipatana, nikifika niliandika nilichokumbuka. Somo hili limetoka katika daftari hilo.

2. Yaliyonitambulisha

Tuyatazame maneno yangu moja moja. Hakuna hata moja lililo kosa katika Kiswahili cha kwetu. Yote, hata hivyo, yalimwambia dereva kwamba mimi si mwenyeji.

"Jambo." Kwetu ni salamu ya kweli; mama sokoni anakusalimu hivyo, nawe unajibu "Jambo sana". Dar es Salaam, neno hilo likisimama peke yake, limekuwa salamu ya watalii. Wenyeji husema "Habari za saa hizi?", vijana "Mambo?", na jibu lake ni "Poa". Mtu mzima husalimiwa "Shikamoo", naye hujibu "Marahaba".

"Yaya." Nilitaka kumpa heshima ya kaka mkubwa, kama tunavyofanya Lubumbashi. Tanzania, yaya ni mtumishi anayelea watoto. Ndiyo sababu dereva alicheka. Neno la heshima lililofaa lilikuwa "kaka", au "mzee" kama ana umri.

"Niko naenda ku..." Mwenyeji angesema "Naenda Mlimani". Kiambishi "ku" mbele ya mahali, na "niko na" badala ya "nina", husikika mara moja. Vilevile "kenda" kwa namba 9: nilipoitumia siku nyingine, kijana wa bodaboda aliniomba nirudie. Yeye anasema "tisa".

"Quarante-cinq." Kwetu hesabu za fedha hufanywa kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili. Hatuoni tena kwamba tumebadilisha lugha. Dereva anaona.

Je, tunapaswa kuificha lafudhi yetu? Mimi sidhani. Kwanza haiwezekani kwa majuma matatu. Pili, si aibu: Kiswahili cha Kongo kina historia yake, na daftari langu linaonyesha kwamba nilipata bei nzuri mara nyingi nikiwa bado nasema "mutu" na "muzuri". Kilichobadilika ni mpangilio wa mazungumzo, na huo ndio kiini cha somo.

3. Hatua tano za mapatano

J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alifundisha kwamba kusema ni kutenda. Mtu anaposema "naahidi", hasimulii ahadi, anaitoa. Mapatano ya nauli yamejaa maneno ya namna hiyo. Katika daftari langu, mapatano yaliyokwenda vizuri yalifuata hatua tano, kwa utaratibu huu:

a) Salamu na jibu lake.
b) Kutaja mahali kwa jina ambalo dereva analijua, pamoja na alama ya karibu.
c) Kuuliza bei, ukiwa umesimama nje ya gari na mzigo uko mkononi mwako.
d) Kujibu bei kwa bei.
e) Kufunga mapatano kwa kurudia bei kwa sauti, kisha kupanda.

Linganisheni na mazungumzo yangu ya Mbezi. Dereva alisema "Panda, tutaelewana", nami nikapanda. "Tutaelewana" si bei. Ni kuahirisha bei. Lakini "panda" ni tendo, na kwa kuketi nililikubali. Nilipouliza bei, safari ilikuwa imeshapatanwa na sanduku lilikuwa ndani ya buti. Swali langu lilikuja katika hatua ambayo jibu lolote lingekuwa gumu kulikataa. Nilikuwa nimefanya (e) kabla ya (c).

Kosa la pili lilikuwa katika (d). Bei unayoijibu ndiyo inayochora mipaka ya mazungumzo. Dereva akisema hamsini nawe ukajibu arobaini na tano, umemwambia kwamba hamsini ni bei ya busara, iliyozidi kidogo tu. Anayejua kwamba nauli ni kama ishirini huanza na kumi na tano, bila kucheka wala kukasirika, na wawili hao wanakutana katikati. Kwa hiyo hatua (d) haiwezekani bila maarifa yaliyopatikana kabla ya kumwona dereva. Muulize mtu asiyefaidika na safari yako: mama lishe, muuza vocha, abiria aliyeketi jirani yako katika basi. Swali ni rahisi: "Samahani, dada, kutoka hapa mpaka Mlimani taksi huwa shilingi ngapi?" Kiambishi "hu-" katika "huwa" kina kazi kubwa hapa. Kinauliza desturi, hakiombi ofa. Kuuliza si ujinga.

Yapo mazungumzo mengine, ya juma la pili, Kariakoo, mchana:

Mimi: Shikamoo, mzee.
Dereva: Marahaba. Karibu.
Mimi: Naenda Mwenge, karibu na stendi. Ni shilingi ngapi?
Dereva: Ishirini na tano.
Mimi: Nina kumi na mbili, mzee wangu.
Dereva: Mafuta yamepanda, na foleni hiyo unaiona. Leta ishirini.
Mimi (napiga hatua mbili kwenda zangu): Haya mzee, asante. Kazi njema.
Dereva: Njoo basi! Kumi na tano.
Mimi: Elfu kumi na tano mpaka Mwenge, na mzigo huu.
Dereva: Twende.

Angalieni hatua mbili nilizopiga. Hizo nazo ni zamu katika mazungumzo, ingawa hazina neno. Zinasema kwamba bei imenishinda bila kumwambia mzee kwamba anadanganya. Ndiyo maana nilimtakia kazi njema: nilimwachia nafasi ya kuniita bila kushuka hadhi yake mbele ya madereva wenzake. Brown na Levinson, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu adabu ya lugha, waliweka jambo hilo katikati ya nadharia yao: kila msemaji analinda hadhi yake, na mazungumzo mema hulinda ya wote wawili.

Kuna sharti moja. Ukitaja bei naye akaikubali, umefungwa. Kuondoka baada ya dereva kusema "haya" ni kuvunja neno lako, na hapo mwenye kosa ni wewe.

4. Msamiati wa fedha

Sehemu hii inahitaji kukaririwa, kwa maana makosa yake hulipwa taslimu.

Neno "elfu" mara nyingi huachwa. "Ishirini" ya dereva ni shilingi 20,000. Mitaani 1,000 huitwa "buku" na 500 huitwa "jero". "Buku jero" basi ni 1,500. Laki ni 100,000. Jihadharini na "elfu mia mbili": mwingine anasikia 1,200, mwingine 200,000. Anayetaka usalama husema "elfu moja na mia mbili" au "laki mbili".

Malipo ya safari huitwa "nauli". Sisi kwetu tunasema "transport" au "makuta ya taksi", na neno nauli tunalijua vitabuni tu. Fedha inayorudishwa ni "chenji". Dereva kusema "sina chenji" si ajabu, na anaweza kuwa anasema kweli; noti ya 10,000 ndiyo kubwa kuliko zote za Tanzania, na mgeni aliyetoka kubadilisha fedha ana hizo tu. Vunja noti dukani kabla ya kupanda.

Neno "taksi" lenyewe lina mtego. Kwetu taksi mara nyingi ni ya kushirikiana: kila mtu analipa kiti chake katika njia inayojulikana. Taksi ya Dar es Salaam unaikodi wewe, gari zima. Mkongo anayesikia bei hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kumwona dereva mnyang'anyi, kumbe analinganisha kiti na gari.

Mwisho, dola. Tumezoea kuhesabu kwa dola nyumbani, na dereva akitaja dola tunaona ni kawaida. Tanzania, bei ya dola kwa safari ya mjini ni dalili kwamba tayari umewekwa katika kundi la watalii. Isitoshe, tangu Machi 2025 kanuni za nchi hiyo zinakataza kutaja au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Jibu kwa upole: "Niambie kwa shilingi, kaka."

5. Upande wa dereva

Uchambuzi ungekuwa nusu kama tungemwacha dereva awe adui tu. Madereva wengi niliozungumza nao hawakuwa na gari. Gari ni la "tajiri", na kila jioni dereva anampelekea "hesabu", kiasi kilichopangwa, awe amepata abiria au hakupata. Sisi tunaiita "versement", na kaka zetu wanaoendesha taksi wanaijua vizuri. Mafuta ni juu ya dereva. Kinachobaki ndicho chake. Mgeni anayetoka stendi saa tano za usiku ni nafasi ya kuifikia hesabu ambayo siku nzima ilimkimbia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema methali. Dereva wa Mbezi aliichukua kama ilivyo.

Hilo halifanyi bei yake kuwa ya haki. Linaeleza tu kwa nini "mafuta yamepanda" si uongo kila mara, na kwa nini kumjibu "pole na kazi, lakini uwezo wangu ni kumi na tano" kunafanya kazi kuliko kumwambia "unaniibia". La kwanza linapokea sababu yake na kukataa bei. La pili linakataa mtu mzima.

6. Bei ikigeuka mwisho wa safari

Kuna hali ambayo hatua tano haziizuii: mlipatana kumi na tano, na mlangoni dereva anadai ishirini, kwa ajili ya mzigo au foleni. Hapo hatua ya (e), kurudia bei kwa sauti pamoja na mzigo, inaonyesha faida yake, kwa maana una maneno ya kurudia: "Tulisema elfu kumi na tano, na mzigo huu." Sema "tulisema", usiseme "ulisema". Kiambishi "tu-" kinawaweka nyote wawili ndani ya neno lililotolewa. Kama kuna mlinzi wa jengo au mwenye duka karibu, msalimie na kumweleza. Dereva anayejua kwamba mnasikilizwa na mtu wa mtaa hushusha sauti. Na ikiwa ni usiku, uko peke yako, na tofauti ni elfu chache, lipa ushuke. Nadharia ya lugha haina sehemu inayomtaka mwanafunzi ahatarishe mwili wake.

Neno moja lisitumike kamwe. Asubuhi ya pili nilimwambia mwenyeji wangu kwamba nitarudi Mbezi, nimtafute yule dereva na kumwita mwizi mbele ya wenzake. Aliacha kucheka. Akaniambia kwamba neno hilo likipigiwa kelele hadharani, watu hawaulizi ushahidi, wanachukua mawe. Najua, kwetu ni vilevile. Tunajifunza kutoka kwa Austin kwamba kusema ni kutenda, tukitoa mifano ya ahadi na viapo. "Mwizi!" sokoni au stendi ni mfano mzito zaidi. Hausemi mtu ni nani; unamkabidhi kwa umati. Na mgeni aliyelikosea hesabu lake la usiku anaweza kuua mtu kwa shilingi elfu ishirini na tano. Nililala siku ile nikiwa nimelipa zaidi, na nikiwa nimeponea kulipa zaidi ya hapo.

7. Njia zisizo na mapatano

Anayechoka kupatana ana njia nyingine. Nauli za daladala hupangwa na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, na kondakta humtoza mgeni kama anavyomtoza mwenyeji. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 yana tiketi ya bei moja kwa wote. Zipo pia taksi za kuitwa kwa simu, kama Bolt, ambazo huonyesha makadirio ya nauli kabla ya safari. Hapo hakikisha kwamba dereva hakuombi ufute safari ili mpatane pembeni, kwa maana ukikubali umerudi hatua ya (a) bila salamu.

Mazoezi

1. Andikeni upya mazungumzo ya Mbezi kwa kufuata hatua tano, bila kubadilisha lafudhi ya Kikongo ya abiria. Elezeni ni sentensi ipi ilibidi ihamishwe na kwa nini.

2. Linganisheni athari ya sentensi hizi tatu kwa dereva: "Ni shilingi ngapi?", "Huwa ni shilingi ngapi?", "Utanitoza shilingi ngapi?" Ipi inauliza desturi, ipi inaomba ofa?

3. Tafuteni maneno matano ya Kiswahili cha mji wenu ambayo, kama "yaya", yana maana nyingine Tanzania.

4. Simameni nusu saa penye taksi za mji wetu wakati wageni wanapofika, msikilize bila kuingilia. Andikeni bei anayoambiwa mwenyeji na ile anayoambiwa Mtanzania au Mzambia kwa njia ileile. Nililifanya zoezi hili mwenyewe niliporudi Lubumbashi. Mgeni mmoja alisalimu "Habari za saa hizi?", na dereva wetu akatabasamu, akachukua sanduku lake, akamwambia: "Panda, patron, tutasikilizana." Niliwaeleza wote wawili bei ya kawaida. Dereva hakufurahi. Elezeni, kwa kutumia sehemu ya 3, ni maneno gani ningeweza kuyachagua ili nimsaidie mgeni bila kumvunjia dereva hadhi yake.